Kisa cha gari lililohamia kushoto kila breki ilipokanyagwa

Gari, barabara na mwenye gari

Kisa hiki kilitokea kwenye gereji ninayofanyia kazi, Mbeya mjini. Jina la mwenye gari, namba na toleo kamili la gari nimeviondoa. Gereji mbili zilizolishika kabla yetu sizitaji, kwa kuwa waliyoyafanya wao ndiyo yanayofanyika karibu kila gereji ninayoijua, yetu ikiwemo.

Gari ni la Kijapani, la familia, viti saba, na tairi za mbele ndizo zinazovuta. Mbele limeundwa kama magari madogo mengi tunayoyapokea: shokapu imevikwa springi na kusimama wima mpaka kwenye bodi, na chini kila upande una mkono mmoja wa chuma, ambao mafundi tunauita loa amu. Mkono huo umeshikwa kwa ndani na bushi mbili za mpira, ndogo mbele na kubwa nyuma. Kwa nje umeshikwa na boljointi, kiungo chenye tufe linalozunguka ndani ya kikombe. Stelingi ni ya raki, fimbo yenye meno inayosogea kushoto na kulia.

Mwenye gari ni mwalimu, mama wa watoto wawili. Anaishi Uyole na kufundisha upande wa Rungwe. Kila siku ya kazi anapita Igawilo, anapanda milima ya Uporoto mpaka Isyonje, halafu anashuka kuelekea Tukuyu, na jioni anarudi njia ileile. Anayeijua barabara hiyo anajua pia ukungu wake wa asubuhi, mvua isiyokatika kuanzia Novemba hadi Mei, na matuta ya kila kijiji. Jumamosi gari hilohilo hubeba viazi. Nimeanza na haya kwa sababu gari la mtu anayekanyaga breki mteremkoni mara mia kwa siku, likiwa na mzigo, huchakaa sehemu tofauti na gari la mtu anayezunguka Mwanjelwa, hapa mjini, na kurudi nyumbani.

Alichokuja nacho

Alisema hivi: "Fundi, nikikanyaga breki kwenye mteremko gari linataka kwenda mtaroni. Nikiachia linarudi. Lori likiwa mbele yangu naogopa kukanyaga."

Akaongeza mambo mawili. Kulikuwa na mlio wa "kok" mmoja, mzito, akivuka tuta polepole au akianza kusimama. Na tairi ya mbele kushoto ilikuwa inalika ubavu wa ndani kiasi kwamba ile aliyoinunua miezi miwili nyuma ilikuwa imefika kwenye vijiti vya alama, vile vinavyoonyesha kwamba kashata, yaani meno ya tairi, zimebaki milimita 1.6. Nje ya tairi hiyohiyo kashata zilikuwa bado nene.

Kabla ya kufika kwetu alikuwa ametumia fedha kwa miezi mitatu. Gereji ya kwanza ilisikia mlio ikabadili shokapu zote mbili za mbele kwa za mtumba. Mlio ulipungua kwa wiki moja, ukarudi. Gereji ya pili iliona tairi inavyolika ikabadili tairodi endi ya kushoto, yaani ncha ya tairodi, fimbo inayoligeuza gurudumu. Katikati ya hayo gari lilipelekwa kwenye alaimenti, kipimo cha mnyooko wa magurudumu, mara tatu, na mara zote tatu alipewa karatasi iliyochapishwa, namba zote ndani ya kiwango. Alikuja nazo, amezikunja vizuri ndani ya bahasha. Karatasi hizo zilinisumbua kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu tairi inayolika vile haiwezi kuwa imenyooka, na mashine ilisema imenyooka mara tatu.

Maswali kabla ya jeki

Kijana wetu wa gereji alishaleta jeki. Nilimwambia aiache kwanza. Nilimuuliza mwalimu: linavuta muda wote au unapokanyaga breki tu? Akasema breki tu. Likiwa tupu au na mzigo? Yote mawili, mzigo unazidisha. Asubuhi au mchana? Mlio ni mkubwa zaidi asubuhi kwenye baridi. Swali la mwisho huwa nalisahau mara nyingi, siku ile sikulisahau: ukikanyaga mafuta kwa nguvu, linafanya nini?

Alifikiri kidogo. "Linahama tena. Ila linakwenda kulia, kidogo."

Jibu hilo lilifunga milango mingi. Tairi mbovu huvuta upande mmoja, ukanyage nini au usikanyage. Kalipa, yaani kibanio cha pedi za breki, iliyokwama huvuta ukishika breki, na pengine huendelea kuvuta baada ya kuachia, lakini haiwezi kulipeleka gari upande wa pili ukikanyaga mafuta. Kwenye gari linalovutwa na tairi za mbele, mafuta hulisukuma gurudumu mbele na breki hulisukuma nyuma. Kinacholizuia lisisogee mbele na nyuma ni mkono wa chini na bushi zake mbili. Gurudumu likipata nafasi ya kutembea, linatembea, na tairodi yenye urefu uleule inaligeuza uso. Dereva anahisi gari "linahama" ilhali hajaugusa usukani.

Hiyo ilikuwa dhana tu. Nimewahi kuwa na dhana nzuri sana na nikanunua spea isiyo yake.

Barabarani

Majaribio hatukuyafanya kwenye barabara kuu ya Tanzam. Malori ya mizigo yanayokwenda na kutoka Tunduma yamekandamiza lami sehemu nyingi ikafanya mifereji miwili, na ukiingia humo usukani unavutwa na mfereji, uwe na gari jipya au bovu. Wateja wengi huja wakilalamikia stelingi kumbe wanalalamikia lami. Tulitafuta barabara tambarare ya mtaani. Nikasubiri pasiwe na chombo, nikaendesha katikati kabisa, kwa sababu barabara zetu zimeinuliwa katikati ili maji yatiririke, na ukikaa upande wako wa kushoto gari lolote huteleza kidogo kuelekea mtaroni. Upepo wa tairi zote tulikuwa tumeshausawazisha kabla ya kutoka.

Mwendo wa kilomita 40 kwa saa, mikono imegusa usukani kwa vidole tu, breki laini. Gari likahama kushoto karibu upana wa tairi moja. Nikaachia, likarudi. Tukapanda watu wanne tukarudia, na hali ikawa mbaya zaidi. Tulipofika gereji tulisogeza mkono karibu na rimu za mbele bila kuzigusa, joto lilikuwa sawa pande zote mbili. Tukanyanyua mbele, tukazungusha kila gurudumu kwa mkono, yote yakazunguka mepesi. Breki nikaiweka pembeni. Kisha tukabadilishana tairi za mbele, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, tukarudi barabarani. Likaendelea kuvuta kushoto. Tairi nayo nikaiweka pembeni.

Yote haya yalichukua kama saa moja na hayakumgharimu mwalimu hata shilingi ya spea.

Chini ya gari

Tulianza kwa kuosha. Udongo mweusi wa Rungwe ukikauka juu ya bushi unakuwa kama plasta, unaziba ufa na unaonyesha mpira mzima. Tuliosha mikono yote miwili, ncha za tairodi na mpira wa raki, tukaacha vikauke.

Ukaguzi wa kwanza ni wa gari likiwa limesimama kwa tairi zake, injini inawaka ili stelingi iwe nyepesi. Mtu mmoja ndani anatikisa usukani kushoto na kulia kwa mwendo mfupi, bila kuvuka pale unapoanza kuhisi ukinzani, na mwingine amelala pembeni ameweka vidole juu ya kila kiungo. Tairodi endi mpya ya kushoto ilikuwa nzima. Ya kulia nzima. Kwa raki endi, viungo vya ndani vya tairodi, ambazo zimejificha ndani ya mpira wenye mikunjo, unaufinya mpira na kuhisi kama fimbo inagonga kabla haijasukuma. Hazikugonga, na ndani ya mpira hapakuwa na mafuta. Uchezaji wa usukani tuliupima kwenye ukingo wake kwa rula: milimita 15 hivi. Miongozo mingi ya Toyota inaweka kikomo cha milimita 30, kwa hiyo hapakuwa na la kutafuta huko. Usukani wenyewe, hata hivyo, ulikuwa umekaa upande wakati gari linakwenda moja kwa moja. Aliyebadili tairodi endi hakuhesabu nyuzi alipoifungua.

Kisha jeki. Tuliiweka chini ya bodi, magurudumu yakaning'inia, tukasimamisha gari kwenye stendi. Nilishika tairi ya kushoto juu na chini, saa kumi na mbili na saa sita kama unavyousoma uso wa saa, nikaitikisa. Ilicheza. Kijana akasema, "Beringi." Nikamwambia aingie akanyage breki. Ukikanyaga breki, diski na kalipa vinafungana na habu, kitovu cha gurudumu, na kama mchezo ni wa beringi unapotea au unapungua sana. Haukupungua. Nikaweka kidole kwenye boljointi ya chini huku yeye akitikisa, nikaihisi inapanda na kushuka ndani ya kikombe chake. Tukachomeka mtaimbo mdogo kati ya mkono na nako, chuma kinachobeba gurudumu, tukaukandamiza taratibu, na mwanya ukaonekana kwa macho. Kifuko chake cha mpira kilikuwa kimepasuka upande wa ndani usioonekana ukiwa umesimama, na grisi ilikuwa imegeuka tope jekundu la kutu.

Nataka nikae kidogo hapa. Kwenye muundo huu, uzito wa gari unashuka kupitia springi na shokapu mpaka kwenye nako. Boljointi ya chini haibebi uzito, inashikilia tu. Ndiyo maana kuining'iniza ndiyo njia ya kuisoma. Lakini kwenye gari ambalo springi imekaa juu ya mkono wa chini, boljointi hiyo ndiyo inayobeba. Ukiweka jeki chini ya bodi, springi inausukuma mkono chini na kuibana boljointi, na hata iliyokufa itajifanya nzima. Huko jeki inawekwa chini ya mkono wenyewe, karibu na gurudumu, ili boljointi iachiwe. Fundi akiwa na mkao mmoja tu wa jeki kwa magari yote, atapitisha boljointi mbovu kwenye baadhi ya magari anayoyakagua.

Bushi sasa. Na hapa nilikaribia kukosea kama walionitangulia. Gari likiwa juu, bushi kubwa ya nyuma ya kushoto ilionekana safi. Ilikuwa na nyufa ndogo za uzee, zisizomtisha mtu. Niliusukuma mkono juu na chini kwa mtaimbo, haukuonyesha kitu. Kama ningeishia hapo ningebadili boljointi, ningemrudishia mwalimu gari, na wiki ijayo angelirudisha.

Nililishusha gari chini. Tukalisukuma kinyumenyume kwa mkono, tukalizuia kwa breki, kijana akapima nafasi kati ya tairi na ukingo wa nyuma wa bodi, pande zote mbili. Kisha tukalisukuma mbele, tukalizuia kwa breki, tukapima tena. Kulia tofauti ilikuwa milimita 3. Kushoto ilikuwa 9. Gurudumu la kushoto lilikuwa linatembea.

Tulitaka kuona ni wapi. Tuliweka gari juu ya shimo la gereji, tukaiacha simu chini ya shimo ikirekodi video huku ikimulika juu, na shimoni hapakuwa na mtu. Gari likasogea mbele nusu mita, breki, nyuma nusu mita, breki. Kwenye video ile bushi iliyoonekana nzima ikafungua mdomo. Mpira ulikuwa umeachana na bomba la chuma la katikati upande mzima. Gari lilipokuwa juu ya jeki, mkono ulining'inia ukaufunga mdomo ule. Lilipogusa ardhi na breki kushika, bomba lilikimbia ndani ya mpira mpaka likagonga ganda la nje, na sauti ya "kok" ikasikika vizuri kwenye simu.

Mwalimu aliiangalia video ile mara tatu. Baada ya miezi mitatu ya kuambiwa "tujaribu hiki," alikuwa anaona kwa macho yake mwenyewe kilichokuwa kinampeleka mtaroni.

Maamuzi

Tulikuwa na vitu vitatu mezani: bushi, boljointi na tairi. Fedha yake siku ile ilitosha viwili. Aliuliza swali la haki kabisa: "Nikibadili bushi peke yake, mlio si utaisha, na kuvuta kutaisha?"

Nilimjibu ndiyo, vyote viwili vingeisha, na ndiyo maana nisingekubali. Bushi ilikuwa inapiga kelele na kumtisha, lakini hata ikifa kabisa mkono unabaki umefungwa na bolti zake. Boljointi haikumlilia hata siku moja. Ikichomoka kwenye kikombe, gurudumu linajikunja chini ya gari papo hapo, na barabara yake ni ya kushuka kutoka Isyonje ikiwa na lori mbele na lori nyuma. Nilimwomba aliache gari mpaka boljointi ibadilishwe. Hakufurahi, alikuwa na vipindi kesho yake, lakini aliliacha akapanda daladala.

Tukapanga hivi: boljointi ya kushoto na bushi mara moja. Tairi ya kushoto iliyofika kwenye alama ikatolewa, ikaingia ya akiba iliyokuwa ya kipimo kilekile na kashata za kutosha, mpaka mwisho wa mwezi atakaponunua. Shokapu za mtumba hatukuzigusa. Zilikuwa na dalili ya jasho la mafuta kwa nje, ila zilirudi taratibu tulipobonyeza bodi, na kumwongezea mzigo wa fedha kwa kitu kisicho cha hatari nisingeweza kukitetea.

Bushi tulibadili pande zote mbili, kwa kuwa ya kulia ilishaanza nyufa, na mpira mpya upande mmoja na uliochoka upande mwingine ni gari lenye miguu miwili isiyolingana. Boljointi ya kulia tuliikagua kwa njia ileile, tukaikuta ngumu na kifuko chake kizima, tukaiacha. Sikubaliani na wanaobadili kila kitu jozi kama sheria. Shokapu na bushi, sawa. Boljointi nzima haina kosa la kutolewa.

Kuhusu chanzo cha spea: aliletewa mkono wa mtumba mzima mzima, na bushi zake ndani, kwa bei ndogo. Niliukataa. Chuma cha mtumba kinaweza kuwa kizuri kuliko kipya cha bei rahisi, lakini mpira wa mtumba una umri uleule wa mpira tunaoutoa. Tulichukua bushi mpya, tukapeleka mikono kwa mwenye mashine ya presi. Kabla ya kuzitoa za zamani kijana aliweka alama ya rangi, kwa sababu bushi ile kubwa ina matundu yaliyokusudiwa, na matundu hayo yana mwelekeo. Ukiikandamiza ikiwa imegeuka, inakuwa laini pale inapotakiwa kuwa ngumu.

Boljointi ilifungwa kama inavyotakiwa: nati ya taji ikakazwa kwa spana ya kupimia nguvu, na tundu la kotapini, pini inayoizuia nati isilegee, liliposhindwa kulingana tuliikaza mbele kidogo mpaka likalingana. Hairudishwi nyuma kulitafuta tundu. Kotapini ikawa mpya.

Alaimenti ikawa ya mwisho, baada ya kila kitu kufungwa.

Gari lilivyorudi

Kwa wiki kadhaa mambo yalikuwa mazuri. Mwalimu alinipigia simu akiwa Tukuyu, akasema, "Ndaga fijo, fundi," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kwamba ameshuka na breki bila kuushika usukani kwa nguvu kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Nilifurahi sana.

Wiki ya saba akarudi. Kuvuta hakukuwepo, lakini "kok" ndogo ilikuwa imeanza tena kushoto. Tuliliweka juu ya shimo na simu chini. Bushi mpya ilikuwa imeanza kupasuka, ufa umezunguka kufuata duara la mpira.

Bushi haipasuki kwa wiki saba bila sababu, na sababu niliijua kabla sijamaliza kuitazama. Nilimuuliza kijana alikaza bolti za mkono wakati gani. Akasema, gari likiwa kwenye stendi. Nilikuwepo siku hiyo, nilikuwa namalizia boljointi upande wa pili, na sikumwelekeza.

Kwenye bushi za aina hii mpira umegandishwa na bomba la ndani na ganda la nje. Ukikaza bolti, bomba la ndani linafungwa lisizunguke tena, na kuanzia hapo kila mkono unapopanda au kushuka, mpira ndio unaojinyonga. Ukikaza magurudumu yakiwa yananing'inia, umeufundisha mpira kwamba kule chini ndiyo mahali pake pa kupumzika. Gari likishuka ardhini, mkono unapanda na mpira unakaa umenyongwa muda wote, hata gari likilala usiku. Ongeza matuta ya Igawilo na magunia ya viazi, na wiki saba si ajabu.

Kosa lilikuwa la kwangu kwa sababu kijana alikuwa chini ya uangalizi wangu. Bushi za pili na kazi ya pili tulizilipia sisi. Safari hii tuliingiza bolti tukaziacha zimelegea, tukalishusha gari kwa tairi zake juu ya shimo, tukaliendesha mbele na nyuma mara kadhaa, tukabonyeza bodi mpaka likatulia, kisha kijana akashuka shimoni, gari limezimwa, limewekewa vigingi na breki ya mkono, akakaza bolti kwa kipimo. Alizipaka rangi nati zote baada ya kukaza. Tangu siku ile hakuna mkono unaotoka kwetu bila rangi hiyo.

Alaimenti ikarudiwa, usukani ukanyooshwa. Tofauti ya kipimo cha tairi na bodi ikawa milimita 2 pande zote mbili. Miezi sita baadaye tulipima kashata za tairi aliyoinunua mwisho wa mwezi ule: ndani milimita 6.1, nje 6.3.

Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Nimezirudia zile karatasi tatu za alaimenti mara nyingi. Mwendeshaji wa mashine hakumdanganya mwalimu. Mashine inapima gari lililosimama, na gari lililosimama lilikuwa limenyooka. Mkono ulikuwa umerudi mahali pake, mdomo wa bushi umefungwa, namba zote kijani. Gari lililokuwa linakula tairi ni lile la kwenye mteremko, breki imeshika, gurudumu limerudi nyuma na kugeukia nje, na gari hilo halikuwahi kupandishwa kwenye mashine. Kupeleka kwenye alaimenti gari ambalo viungo vyake havijakaguliwa ni kupima kitambaa kinachopepea kwa upepo. Mwendeshaji wa mashine angeweza kumsaidia kwa kutikisa magurudumu kabla ya kupima, na angeiona boljointi. Hiyo ndiyo lawama pekee ninayompa.

Gereji ya kwanza ilifuata sauti. Shokapu na bushi hulia karibu sehemu moja, na sauti husafiri kwenye chuma, kwa hiyo sikio lilikuwa na haki ya kukosea. Ila shokapu iliyokufa huliacha gari likidunda, na mwalimu hakuwahi kulalamikia kudunda. Gereji ya pili ilifuata tairi, na tairi inayolika ndani mara nyingi kweli ni tairodi, lakini tairodi endi waliyoitoa hawakuwahi kumwonyesha ikicheza. Laiti wangemwambia aishike kwa mkono wake, wangeikuta ngumu na wangeendelea kutafuta. Kwetu sasa ni kanuni: spea haiagizwi mpaka mteja ameona au ameshika uchezaji wa ile ya zamani.

Kwa upande wetu, kilichotuokoa ni swali la mafuta na kile kipimo cha rula kati ya tairi na bodi. Kipimo hicho hakihitaji kifaa kingine chochote zaidi ya rula, na bado ndicho kilichotofautisha upande mzima na mbovu wakati macho yangu na mtaimbo wangu vilikuwa vimeshapitisha bushi. Mtaimbo niliutumia vibaya: niliusukuma mkono juu na chini, mwelekeo ambao bushi ile haikuwa na tatizo nao. Ningeusukuma mbele na nyuma ningeuona mdomo hata gari likiwa juu.

Na kuna jambo moja ambalo hatukulifanya siku ya kwanza, likaniudhi baadaye. Hatukuikagua jointi ya chini ya nguzo ya usukani, pale inapoingia kwenye raki. Uchezaji wa usukani ulikuwa mdogo nikaridhika. Tuliikagua gari liliporudi, ikawa nzima, lakini kuwa nzima kwake hakutokani na uangalifu wangu.

Mara ya mwisho mwalimu alipokuja ilikuwa kabla ya mvua. Kifuko cha boljointi ya kulia, ile tuliyoiacha, kimeanza kuchanika ukingoni. Haijaanza kucheza. Tumempangia aibadilishe wakati wa likizo ya Desemba, na mpaka hapo anapita kwetu kila Jumamosi kabla ya kwenda kuchukua viazi, tunainyanyua, tunaitikisa, anaondoka.